Teleskopu ndani ya lupango: tuanzie wapi?



Kikundi kimoja cha likelemba kimetuletea swali. Watoto wao wamejifunza sayari shuleni, na sasa kila siku wanaomba teleskopu. Muuzaji mmoja amewaonyesha moja ndani ya karatoni nzuri, juu yake imeandikwa kwamba inakuza mara 525. Wamama wanauliza: tutoe feza za kikundi sasa, mbele ya kulipa minervali, ao tuache?

Jibu letu kwa kifupi: msinunue bado. Hatusemi hivyo kwa kuwa mambo ya nyota si ya wamama na watoto wao. Tunasema hivyo kwa sababu kuna ngazi tatu za kupanda, na ya kwanza haiombi hata franka moja. Anayeruka mbili za kwanza mara nyingi ananunua chombo cha kukaa juu ya kabati na kujaa vumbi.

Ngazi ya kwanza: macho

Sisi wa Lubumbashi na pembeni yake tuna bahati. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa tuko ndani ya kiangazi, na mawingu ni machache. Kuelekea mwisho wake moshi wa mioto ya pori huchafua anga, kwa hiyo miezi ya tano, sita na saba ndiyo mizuri zaidi. Na umeme ukikatika, msikae ndani kulalamika tu. Tokeni nje. Giza ambalo watu wa miji mikubwa ya Ulaya wanasafiri mbali kulitafuta, sisi linatukuta mlangoni.

Macho yanahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza. Mtu mmoja akiwasha telefone, wote mnaanza upya. Funikeni tochi kwa kitambaa chekundu, maana mwanga mwekundu hausumbui macho sana.

Mwezi wa sita, saa moja ya usiku, simameni mkitazama kusini. Mtaona nyota nne zilizopangwa kama msalaba: huo ndio Msalaba wa Kusini. Upande wake wa kushoto kuna nyota mbili zinazong'aa sana. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba inaitwa Alpha Centauri. Ni jirani wa karibu kabisa wa Jua letu, na bado nuru yake inatumia zaidi ya miaka 4 kufika kwetu. Mwambieni mtoto wa miaka mitatu: mwanga unaouona sasa ulianza safari wewe haujazaliwa. Kisha geukeni mashariki mtafute Nge, mwenye mkia uliopinda na nyota nyekundu katikati ya mwili, Antares.

Mwezi wa kumi na moja, giza linapoingia, Kilimia kinachomoza mashariki kama kishada kidogo cha nyota. Jina lake linatoka katika neno kulima, na kwetu mvua za wakati huo ndizo zinazotupeleka shambani.

Sayari mtazitambua kwa sababu hazimetimeti kama nyota. Mwanga wake umetulia. Zuhura, Mshtarii na Zohali, ambazo watoto wanaziita Vénus, Jupiter na Saturne, zote zinaonekana kwa macho matupu kila moja kwa majira yake.

Ngazi ya pili: jumeli

Kabla ya teleskopu, tafuteni jumeli. Labda mjomba fulani anayo, imesahauliwa ndani ya sanduku. Namba zilizoandikwa juu yake zina maana: 7x50 ni kusema inakuza mara 7, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 50. Hiyo ao ya 10x50 inafaa sana kwa usiku.

Mikono inatetemeka, kwa hiyo egemezeni viwiko juu ya mgongo wa kiti ao juu ya ukuta. Mtaona mashimo ya Mwezi. Kilimia, ambacho macho yanahesabu nyota sita ao saba, kitafunguka kuwa na makumi. Na mkishika jumeli imara mbele ya Mshtarii, mtaona vidoti vidogo pembeni yake. Hiyo ni miezi yake.

Ngazi ya tatu: teleskopu

Sasa turudi kwenye ile karatoni. Neno "mara 525" ni la kuvuta wanunuzi. Nguvu ya teleskopu iko katika upana wa lensi ao kioo kinachokusanya mwanga. Kipimo cha kukumbuka ni hiki: chukueni upana huo kwa milimita, mzidishe kwa 2. Teleskopu ya milimita 60 inaweza kukuza vizuri mpaka mara 120 hivi. Kupita hapo mnaona ukungu mkubwa, hamuoni kitu zaidi.

Je, 525 inatoka wapi? Hesabu ni nyepesi, hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Kuna namba ya urefu wa teleskopu, kwa mfano 700. Mnaigawanya kwa namba ya lensi ndogo mnayowekea jicho. 700 kwa 20 ni mara 35. 700 kwa 10 ni mara 70. 700 kwa 4 ni mara 175, na hapo tayari tumepita mpaka. Kisha wanaongeza lensi nyingine ya kuzidisha mara 3, na tunafika 525. Hesabu ni sawa, lakini picha haifai kitu.

Mbele ya kulipa, fanyeni haya matatu. Ulizeni upana wa lensi ya mbele, na kama ni ya kioo ao ya plastiki. Ya plastiki muiache. Gongeni polepole miguu mitatu inayobeba chombo: kama kinatetemeka kwa muda mrefu, usiku hamtaona kitu. Mwisho, ombeni kuijaribu mchana, mkitazama kitu cha mbali kama lile bomba la moshi la Gécamines, mkilipa Jua mgongo. Muuzaji akikataa, nanyi mkatae.

Kuna aina mbili: ya lensi, na ya kioo kama cha kujitazamia, ambayo Isaac Newton aliitengeneza mwaka 1668. Ya kioo inatoa upana zaidi kwa bei ileile, lakini vioo vinaomba kurekebishwa mara kwa mara. Kwa lupango lenye watoto wengi, ya lensi ya milimita 60 ao 70 ni rahisi zaidi kutunza.

Usiku wa kwanza

Mchana, linganisheni ile teleskopu ndogo ya kutafutia na ile kubwa, ili zote mbili zitazame mahali pamoja. Jioni, itoeni nje nusu saa mbele ya kuanza ili ipoe. Iwekeni mbali na mbabula, na msitazame juu ya mabati ya jirani, kwani joto linalopanda linafanya picha icheze kama maji. Vumbi likiingia juu ya lensi, msipanguse kwa kikwembe; kitaikwaruza.

Anzeni na Mwezi, lakini si Mwezi mpevu. Unapokuwa nusu, juma moja hivi baada ya kuandama, uko juu kabisa Jua linapozama, na mstari unaotenga mwanga na giza umejaa vivuli. Milima na mashimo yanasimama wazi. Tumieni kwanza lensi yenye namba kubwa. Picha inaweza kuonekana juu chini, hilo si kosa. Na Mwezi utakimbia kutoka ndani ya teleskopu: kwa dakika 2 tu unasogea kiasi cha upana wake mwenyewe. Ni dunia yetu inayozunguka. Somo hilo mwalimu analieleza kwa maneno, na hapa mtoto analiona kwa jicho lake.

Kisha Mshtarii. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1610, Galileo aliona vidoti vinne kando yake, na siku kwa siku vilibadilisha nafasi. Watoto wenu wanaweza kufanya kazi ileile: kila usiku, kwa juma moja, wachore vidoti ndani ya kaye. Na Zohali mtaona na pete yake. Mwaka 2025 pete hiyo ilitugeuzia ukingo ikawa nyembamba kama uzi, lakini mwaka kwa mwaka inafunguka tena.

Hatari moja isiyochezewa

Msitazame Jua kamwe kwa teleskopu wala kwa jumeli, hata nukta moja. Linachoma jicho bila kuuma, na jicho halirudi. Teleskopu nyingine zinauzwa na kioo kidogo cheusi cha kuweka kwenye lensi ya jicho "kwa ajili ya Jua". Kitupeni siku hiyohiyo, sababu joto linaweza kukipasua mtoto akiwa anatazama. Mchana chombo kikae kimefunikwa, na mama mmoja ndiye anayekitunza.

Usiku nao una yake: mlango wa lupango ufungwe, watoto wavae mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na mwezi wa sita na wa saba wasisahau makoti.

Kwa mabinti wetu

Tunasikia wengine wakisema hii ni michezo ya wavulana. Mwaka 1781, William Herschel aligundua sayari ya Uranus akiwa nyuma ya nyumba yake, katika mji wa Bath, Uingereza. Dada yake Caroline ndiye aliyemtunzia nyumba, tena alimlisha kwa mkono wakati aking'arisha vioo vya teleskopu bila kupumzika. Lakini Caroline naye alichukua teleskopu yake. Mwaka 1786 aligundua nyota yenye mkia, na baadaye nyingine tena. Mwaka 1787 mfalme wa Uingereza akaanza kumlipa mshahara kwa kazi hiyo. Basi binti akimaliza vyombo, naye apewe zamu yake ya kutazama, wala isiwe zamu ya mwisho.

Shauri letu kwa kikundi

Minervali kwanza. Kisha miezi mitatu ya macho na jumeli. Kama baada ya hiyo miezi watoto bado wanatoka nje wenyewe bila kusukumwa, hapo nunueni teleskopu moja kwa wote, na izunguke kama likelemba: kila nyumba juma moja, pamoja na kaye yake. Kumi wakinunua moja, hakuna anayeumia.

Kazi ya juma hili: usiku usio na mawingu, zimeni taa zote, mkae dakika 20, na kila mtoto achore nyota alizoziona na upande alioutazama. Leteni michoro kwenye mkutano. Wanaume wa nyumbani nao waalikwe.