STAA KASEMA TUTUPE RIWAYA TUSIZOSOMA? HAPA NIMEGOMA!

Leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo nimekuja na povu, na povu lenyewe linahusu vitabu. Msikimbie, subirini kwanza.

Kuna dada mmoja maarufu hapa mjini, jina kapuni, wiki hii kaweka video anasafisha sebule yake. Kashika kapu kubwa, anapita kwenye rafu ya vitabu anavuta kimoja kimoja. Hiki nilinunua mwaka juzi sijakisoma, kinatoka. Hiki nacho sijakisoma, kinatoka. Chini kaandika kwamba kitabu ni kama nguo, ukikaa nacho mwaka mzima bila kukigusa ujue hukihitaji. Chawa wake wakajaza makopakopa, na mastaa wenzake wawili wakaiga siku hiyo hiyo.

Ile video niliiangalia mara tatu, si kwa ajili ya sebule. Nilikuwa natazama vinavyoingia kwenye kapu. Vingi vilikuwa riwaya za upelelezi. Nikasimamisha, nikakuza picha. Agatha Christie yupo, James Hadley Chase yupo, na chini kabisa jalada la Kiswahili limechakaa, la Willy Gamba. Roho iliniuma jamani.

Na mimi jambo hili linanigusa kweli maana nahama mwisho wa mwezi. Chumba ninachokwenda ni kidogo kuliko hiki, na nina boksi la riwaya 43, kati ya hizo 26 sijazisoma. Kirikuu kitabeba kitanda, godoro, mtungi wa gesi na ndoo, boksi likipata nafasi ni bahati. Kwa hiyo hata mimi lazima nichague. Tofauti yetu ni kwamba yeye kachagua kwa kuangalia tarehe, mimi nachagua kwa kufungua.

Tuanze na hilo la nguo. Gauni ukiliweka mwaka litakubana, au fasheni itapita. Riwaya ya upelelezi haiko hivyo. Unachonunua mle ndani ni swali: nani kaua, kaua vipi, na kwa nini? Swali hilo halichachi. The Murder of Roger Ackroyd ya Christie ilitoka 1926, na mpaka leo mtu asiyejua mwisho wake akiisoma anabaki mdomo wazi. Kinachopunguza ladha ya kitabu cha namna hii ni wewe kumjua muuaji, siyo vumbi.

Sasa dada yetu, zile ambazo wauaji wake umeshawajua umeziacha kwenye rafu zipendeze, halafu zile zenye siri bado ndo unazitoa! Ni sawa na mtu anayemwaga soda ambazo hajazifungua, anabaki na chupa tupu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Kwa hiyo tuzirundike mpaka lini?" Tulia. Wanaorundika pia nina kesi nao. Kuna kaka mmoja mtangazaji, naye jina kapuni, kila akipiga picha nyuma yake kuna riwaya zimepangwa kwa rangi, zingine nailoni ya dukani haijatoka. Kaka, hayo ni mapazia. Bora hata dada, yeye amekiri hadharani kwamba hajasoma.

Mimi utaratibu wangu ni huu.

Kwanza kabisa, hakikisha mwisho upo. Vitabu vya mitumba vile vya kupanga chini vinakuja vimechanika, na mara nyingi kinachoondoka ni karatasi za mwanzo na za mwisho. Nilishapigwa hivyo. Nikasoma kurasa zaidi ya 200, mpelelezi kawakusanya watu wote sebuleni, anainua mkono amtaje muuaji, nafunua, naona jalada. Ni kama umeme kukatika dakika ya 89 mko sare. Kagua kwa nyuma bila kusoma. Kama mwisho haupo, toa bila huruma.

Pili, soma kurasa 30. Siyo jalada, siyo maneno ya nyuma. Ukifika ya 30 na hujali nani kafa wala nani kaua, mpe mwingine. Na usione aibu kwa sababu ya jina la mwandishi. Christie aliandika riwaya 66 za upelelezi, hakuna mtu atakayekuja kukusahihishia daftari kwamba umeruka zipi. Mimi Chase nilikuwa nazo tisa, jana usiku nimezipitisha kwenye mtihani huu, zimebaki mbili.

Tatu, ulizomaliza ndo zitoke kwanza. Siri umeshaijua, mpe mwenzako naye ateseke. Bakiza ile tu ambayo hata ukimjua mhusika unataka kurudi. Kwangu ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapwa 1960. Muuaji namjua, lakini bado narudi kumsikiliza Bwana Msa na kiko chake, na Kiswahili kile cha Unguja ambacho sisi wa kuandika "xaxa" tutakisoma na kamusi pembeni. Hiyo nitaipakata mwenyewe kwenye kirikuu.

Nne, na hapa ndo povu lenyewe. Za Kiswahili za zamani ziwe za mwisho kutoka. Christie ukimtoa leo, kesho unampata dukani au kwenye simu. Jaribu kumpata Willy Gamba wa Elvis Musiba kwenye nakala ya miaka ile. Kufa na Kupona ni ya 1974, jasusi wa Kitanzania anatua Nairobi, enzi wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wamejaa Dar. Jaribu Simu ya Kifo ya Katalambulla ya 1965. Jaribu Joram Kiango na Nuru wake wa Ben Mtobwa. Utazunguka mpaka soli iishe.

Na mnajua zikitupwa zinakwenda wapi? Nitawaambia nilichokiona mwenyewe. Mwaka jana nilinunua karanga za mia mbili kituoni. Ile karatasi iliyofungiwa ilikuwa ukurasa wa riwaya. Mtu yuko gizani chumbani, anasikia kitasa kinazungushwa, ukurasa umeisha. Nikarudi kwa yule dogo nikanunua karanga zingine ili nipate ukurasa unaofuata. Nikapata hesabu za mtoto wa darasa la tano. Mpaka leo sijui nani alikuwa mlangoni, na kitabu chenyewe sikijui jina.

Mtu fulani alisafisha sebule yake, na kitabu kikaishia hapo. Dogo wa karanga simlaumu, yeye anatafuta rizki. Ila kwenye ile video staa hakusema hata mara moja kapu linaelekea wapi.

Kwa hiyo dada, najua chawa wako wanapita hapa, mfikishieni. Kama kapu bado lipo, usilitoe. Kaa chini, fungua, soma kurasa 30 za kila kimoja, ndipo uamue. Na yule Willy Gamba kama humtaki, nakuja kumfuata mwenyewe, nauli yangu. Chumba ni kidogo lakini yeye hakosi pa kulala.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Riwaya gani ya upelelezi imekaa kwako hujaisoma, na unaisoma, unaitunza au unaigawa? Tiririka hapo chini. Sharti ni moja: ukimtaja muuaji, nafuta komenti yako na undugu wetu unaishia hapo.