Nondo na zege: ndoa isiyotaka ujanja

Wiki hii tunaweka pembeni habari za viatu na mapenzi, tunaongea vyuma. Usifungue ukurasa mwingine, mshikaji! Wengi wenu mmeshachangamkia viwanja kule Chanika, Bunju na Kigamboni, na mshiko wote unaishia mikononi mwa fundi. Sasa ukipigwa kwenye nondo utajua lini?

Vijiweni kuna swali halishi. Eti kama alumini ni nyepesi na haioti ile kutu nyekundu, kwa nini tusijengee nondo za alumini? Mbona madirishani tunaiweka na inapendeza?

Jibu linaanzia kwenye zege. Zege ni jeuri sana likikandamizwa. Lipandishie mzigo, litabeba tu. Lakini livute au lipinde uone aibu yake: nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kukandamizwa. Linta ya mlango ikibebeshwa matofali, upande wa chini unavutika. Hapo ndipo nondo inapoingia kuokoa jahazi.

Wengi hudhani chuma kilichaguliwa kwa ugumu peke yake. Wapi! Kimechaguliwa pia kwa kuwa kinaelewana na zege. Chukua kipande cha mita 10, joto lipande nyuzi 20. Chuma kitarefuka kama milimita 2.4, na zege litakwenda naye karibu sawasawa. Alumini? Inakaribia milimita 4.6. Yaani kila jua likiwaka mmoja anataka kutoka, mwenzake anataka kubaki ndani. Ndoa gani hiyo?

Halafu saruji mbichi inaila alumini na kutoa gesi, wakati chuma inakilinda kisishike kutu. Tena alumini hupindika mara tatu zaidi ya chuma kwa mzigo uleule. Dirishani inabeba kioo tu, kwa hiyo iache iuze sura. Shaba nayo bei yake haishikiki, waulizeni wezi wa nyaya.

Sasa tuje kwenye noma yenyewe. Ramani inasema nondo ya milimita 12, fundi anakwambia, "Bosi, weka ya 10, tofauti ni milimita mbili tu." Usikubali! Hizo mbili zinaondoka na karibu asilimia 30 ya chuma chako. Umelipia ghorofa, umepata kibanda kirefu.

Tena zipo nondo zinazouzwa kwa jina la 12 wakati ni nyembamba. Dawa yake ni mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa icheze kwenye kilo 10.6 hivi. Ya milimita 10, kilo 7.4. Ukiona ya 12 inasoma kilo 9, mrudishie mwenye duka mzigo wake, hata kama ni shemeji yako.

Msidhani nawatisha. Ijumaa Kuu ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Jengo linaweza kuanguka kwa sababu nyingi, udongo, zege bovu, ghorofa kuzidishwa. Ila nondo ni kitu ambacho wewe mwenyewe, bila digrii yoyote, unaweza kukikagua kabla zege halijamwagwa. Likishamwagwa, kwisha habari yako.

Na nyie wa pwani, mchanga wa baharini mwacheni kaa ajengee. Chumvi yake inavunja ule ulinzi wa saruji, chuma kinaanza kutu, na kutu inavimba zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa. Zege linapasuka toka ndani, vipande vinadondoka darini. Mwambie fundi aweke vile vibonge vidogo vya zege chini ya nondo, zisilale kwenye mbao. Akileta maneno, mwambie umesoma kwenye gazeti.

Wiki ijayo ni mabati: kwa nini geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na wauzaji wanavyowachezea watu hapo. Msikose nakala yenu.