Nyumba ya Sala Iliyo Shule

Neno sinagogi msomaji wetu amelisikia tangu utoto katika Injili, naye huenda akalifikiri kuwa ni kanisa la Wayahudi, basi. Si hivyo kabisa. Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ni mkutano. Na Wayahudi wa Ulaya ya mashariki walizoea kuiita nyumba hiyo, kwa lugha yao ya Kiyidishi, shul, yaani shule. Hawakukosea. Katika nyumba hiyo, au katika chumba kilichoshikamana nayo, mna meza, mabenchi na kabati za vitabu, na watu wazima wenye mvi husoma kwa sauti na kubishana. Tena sheria yao yaweka daraja: sinagogi yaweza kugeuzwa kuwa nyumba ya kujifunza, lakini nyumba ya kujifunza haigeuzwi kuwa sinagogi, kwa kuwa utakatifu wake wahesabiwa kupita ule wa nyumba ya sala. Sisi tuliozoea kudhani kwamba shule ni ngazi ya kupandia, na aliyefika juu aweza kuisukuma kando, yafaa tulitazame jambo hili.

Maimonides, mwalimu mkuu aliyefariki huko Misri mwaka 1204, aliieleza sheria hiyo pasipo kuwahurumia wavivu. Kila mwanamume wa Israeli, awe maskini au tajiri, mzima au mgonjwa, kijana au mzee aliyeishiwa nguvu, imempasa kujiwekea wakati wa kujifunza, mchana na usiku. Mpaka lini? Mpaka siku ya kufa. Akakumbusha kwamba miongoni mwa wenye hekima wa kale walikuwamo wachanja kuni, wachota maji na vipofu. Basi yule asemaye kwamba kazi yamchosha hana pa kujificha.

Mtu aweza kudhani kwamba hayo ni maneno mazuri ya kuandikwa tu. Lakini katika maktaba ya YIVO, mjini New York, kiliwekwa kitabu kimoja kikuukuu kilichookoka vita vya Ulaya. Ndani yake mmepigwa muhuri wa wenye kitabu: chama cha wachanja kuni wa Berdichev, mji wa Ukraina, waliojiunga pamoja ili kujifunza Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria. Tuwafikiri watu hao. Mchana kutwa shoka, mikono imekufa ganzi kwa baridi. Jioni, badala ya kwenda moja kwa moja kulala, wanafungua kitabu cha sheria kilichokusanywa yapata mwaka 200. Hawakutazamia cheti. Hakuna aliyewapandisha mshahara kwa ajili hiyo. Muhuri ule watuonyesha kwamba walichanga fedha wakanunua kitabu, wakakiona kuwa mali yao.

Namna yao ya kujifunza nayo yastahili kuelezwa, maana sisi walimu tungeweza kuichukua darasani. Hawapendi mtu ajifunze peke yake. Huketi wawili wawili, kitabu kimoja kati yao. Mmoja asoma, mwenziwe auliza, wa kwanza ajibu, wa pili akataa. Ushirika huo huitwa havruta, neno la Kiaramu lenye asili moja na neno rafiki. Asiyewazoea angedhani wanagombana. Talmudi yenyewe, yaani Mishna pamoja na mabishano ya walimu juu yake, yasimulia habari ya Rabi Yohanan, aliyejifunza miaka mingi pamoja na Resh Lakish, mtu aliyekuwa zamani mnyang'anyi. Siku moja walikosana vibaya, na Resh Lakish akafa. Wakampa Yohanan mwenzi mwingine, msomi hodari. Kila Yohanan aliposema neno, huyo msomi alileta ushahidi kwamba ndivyo, mwalimu amesema kweli. Yohanan akakasirika. Akasema kwamba marehemu alikuwa akimletea pingamizi ishirini na nne kwa kila neno, naye akazijibu zote, na hivyo sheria ikafahamika. Sasa amepewa wa kumsifu, kana kwamba hakujua mwenyewe kuwa amesema vema. Akazunguka akirarua nguo zake, akimlilia mwenzake, mpaka akili ikampotea, naye akafa. Ni kisa cha huzuni, na wanaokitunza hawakificha kosa la mwalimu.

Sasa tufike karne ya ishirini. Mwezi wa Agosti 1923, katika mkutano mkubwa wa Wayahudi mjini Vienna, Rabi Meir Shapiro wa Polandi alisimama akatoa shauri jepesi. Talmudi ni bahari. Wengi husoma vitabu vichache vinavyojulikana na kuviacha vingine kama yatima. Basi Wayahudi wote, popote walipo, wasome karatasi moja kila siku, pande zake zote mbili, na karatasi iwe ile ile kwa wote. Msafiri apandaye meli kwenda Amerika akishuka ugenini ataingia sinagogi asiyoijua, na kuwakuta watu asiowajua wakisoma mahali pale alipoishia yeye. Walianza Septemba mwaka ule ule. Kwa hesabu ya leo karatasi ni 2,711, kazi ya miaka saba na miezi mitano hivi.

Mwaka 1930 Shapiro alifungua chuo chake kikubwa mjini Lublin. Akafa mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Wajerumani waliingia Lublin mwaka 1939, na chuo kikafungwa. Duru ya tatu ya karatasi ilianza mwaka 1938, ikaisha mwaka 1945. Hesabu ya miaka hiyo msomaji aijua. Wengi walioianza duru hiyo hawakuimaliza, nao hawakuzuiwa na uvivu.

Msiba huo uliwagusa hata watu waliojulikana kwetu Katanga. Wayahudi wengi wa Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, walitoka kisiwa cha Rodo, kile ambacho Mtume Paulo alikipitia safarini. Wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, nao wakaendelea kusema Kihispania cha kale. Rodo palikuwa na chuo cha marabi, kilichofunguliwa mwaka 1928 na kufungwa mwaka 1938 kwa sheria za ubaguzi za Waitalia. Kutoka huko alitoka Rabi Moïse Levy, aliyefika Elisabethville mwaka 1937 akaitumikia sinagogi yake kwa zaidi ya miaka hamsini. Julai 1944 Wajerumani waliwachukua Wayahudi waliobaki kisiwani, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa wachache sana. Hivyo desturi za Rodo zilikuja kutunzwa mbali na bahari yake, katika mji wa shaba. Sinagogi ya Lubumbashi ingali imesimama, ingawa wenyewe wamepungua sana.

Turudi kwenye karatasi ya kila siku. Wako marabi waliolalamika kwamba mwendo huo ni wa mbio, na kwamba mtu aweza kuhesabu karatasi bila kuifahamu hata moja. Twaona malalamiko hayo yana haki. Lakini mchuuzi mwenye saa moja alfajiri akiambiwa ajifunze kwa kina au asijifunze kabisa, twajua atachagua lipi. Ugumu mwingine ulikuwa lugha, maana sehemu kubwa ya Talmudi ni Kiaramu. Rabi Adin Steinsaltz wa Yerusalemu alianza kuifasiri kwa Kiebrania cha leo mwaka 1965, akamaliza mwaka 2010. Wengine walimkaripia kwamba arahisisha mno. Walimu wote wanalijua karipio hilo.

Na wanawake? Kwa karne nyingi hawakufundishwa Talmudi. Duru ya 13 ilipoisha, Januari 2020, watu wapatao 90,000 walijaza uwanja wa michezo huko New Jersey, na siku chache baadaye wanawake wapatao 3,000 walikutana Yerusalemu kushangilia kumaliza kwao wenyewe. Si Wayahudi wote walioipokea habari hiyo kwa furaha, na wangali wakibishana juu yake, kama ilivyo desturi yao.

Mtu amalizapo kitabu cha Talmudi, husimama mbele ya wenzake akakiambia kitabu chenyewe kwamba atakirudia, na kukiomba kisimsahau. Duru ya 14 imepangwa kwisha Juni 2027. Kesho yake itafunguliwa tena karatasi ya kwanza, ambayo kwa desturi ya wachapaji huandikwa namba 2, na swali lake la kwanza ni hili: jioni, tangu saa ngapi mtu aweza kuanza sala yake?