Dawa Itumiwayo Ovyo Humpa Adui Nguvu

Tangu siku ya kwanza kambini askari hufundishwa kwamba risasi haipotezwi bure. Ni ajabu basi kwamba askari huyo huyo, akishikwa na homa, huenda katika duka la dawa, akanunua vidonge vichache vya antibiotiki bila cheti cha daktari, akameza viwili, na apatapo nafuu akampa mwenziwe vilivyobaki. Pengine homa yenyewe ni malaria, ambayo vidonge hivyo havikukusudiwa kuitibu.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dawa itolewayo kwa kipimo hafifu huvifundisha vijidudu kustahimili. Vilivyo dhaifu hufa. Vilivyo sugu husalia vikazaana. Hospitalini ndipo vinapostawi zaidi, kwa kuwa humo dawa hizo hutumiwa kwa wingi, majeraha yako wazi, na mikono ya wauguzi na wageni hupita kitanda hata kitanda.

Ndugu askari asidhani kwamba jambo hili halimhusu. Baada ya vita vya Iraki kuanza mwaka 2003, majeruhi wengi wa jeshi la Marekani walipatwa na kijidudu sugu kiitwacho Acinetobacter baumannii. Wengine walidhani kimetoka katika udongo wa uwanja wa vita. Wachunguzi walipopima, walikikuta katika sehemu za kutibia za hospitali zote 7 za vitani walizozichunguza, na katika udongo kilikuwa haba mno. Basi waliowahi kuponea chupuchupu mbele ya adui walivamiwa kitandani. Madaktari walilazimika kurudia kolistini, dawa ya zamani iliyokuwa imewekwa kando kwa sababu ya kudhuru figo.

Wataalamu wamekadiria kwamba katika mwaka 2019 vijidudu sugu viliua moja kwa moja watu wapatao 1,270,000 duniani. Hakuna nchi iliyo salama, na sisi wenye dawa chache ndio tutakaoumia zaidi zile chache zikikosa nguvu.

Yatupasa nini? Askari asimeze antibiotiki ila kwa amri ya daktari, wala asikatize dozi kwa hiari yake. Polisi wawaandame wanaouza dawa hizo sokoni kama njugu, kwani kosa lao si dogo. Makamanda wahakikishe kwamba zahanati ya kambi haikosi maji na sabuni kama vile ghala lisivyokosa risasi. Naye aendaye kumwamkia mgonjwa au kulinda mlango wa wodi, anawe mikono aingiapo na atokapo.

Tumezoea kumbeba mwenzetu aliyejeruhiwa hata tumfikishe kwa daktari. Wajibu wetu hauishii mlangoni. Aliyenusurika na risasi asife kwa sababu ya mikono yetu.