Kuku wa Bantamu: Anzeni Nyumba Tatu, Aina Moja

Watu wa namna mbili huharibu habari ya kuku wa bantamu katika nchi yetu. Wa kwanza husema kuku hawa ni mchezo tu, pambo la bustani ya tajiri. Wa pili husema kuna mali nyingi ndani yake, naye huwauzia watu jogoo na majike mawili kwa bei kubwa, kisha haonekani tena. Wa kwanza simlaumu sana, maana kuku asiyefika kilo moja hawezi kulisha wageni. Huyu wa pili ndiye yapasa tumjibu.

Bantamu ni kuku mdogo kwa asili yake, si kuku aliyedumaa kwa njaa. Jina lake latokana na Banten, bandari ya kisiwa cha Java, ambako mabaharia wa Ulaya walikuwa wakipata kuku wadogo. Aina ni nyingi. Jogoo wa Pekin, aliye mviringo kama mpira na mwenye manyoya mpaka vidoleni, ana uzito wa gramu 700 hivi, na yai la bantamu huwa gramu 30 hadi 40. Kuku wakubwa kama Wyandotte na Leghorn nao wana wadogo wao. Hata katika vijiji vyetu wako kuku wa kienyeji wa miguu mifupi ambao hakuna aliyejishughulisha kuwapanga.

Kuku huyu hula kama nusu ya chakula cha kuku mkubwa, na kibanda kidogo chamtosha. Jike la Pekin hupenda sana kuatamia. Ukimwekea mayai 4 au 5 ya kuku wa kienyeji atayaangua na kulea vifaranga kwa bidii. (Jogoo wake huwika kwa sauti nyembamba isiyokoma, basi wewe uliye na jirani karibu, mwulize kwanza.) Lakini faida kubwa haimo katika mayai wala nyama. Mtu anayefuga kwa ajili ya maonyesho hujifunza kutazama. Hutazama kilemba, mgongo, rangi ya miguu, jinsi mkia ulivyokaa, na hujua kwa nini huyu abaki na yule aende chunguni. Jicho hilo likizoea, litachagua vizuri hata jogoo wa kienyeji na fahali wa maziwa.

Sasa sikiliza habari ya Bwana mmoja Mwingereza, Sir John Sebright. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 alitengeneza kuku wadogo wazuri mno, kila unyoya umezungushwa ukingo mweusi, na jogoo hana manyoya marefu ya mkia bali amevaa kama jike. Kazi hiyo ilimchukua miaka mingi. Lakini kuku wake walipandishwa ndugu kwa ndugu, kizazi baada ya kizazi. Charles Darwin aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1868 juu ya wanyama na mimea ya kufugwa kwamba wazao wa kuku hao walipungukiwa na uzazi hata wengine wakawa karibu tasa.

Utasema Uingereza ni mbali. Jambo hilo li karibu sana nasi, maana hapa kwetu kuku wa aina hizi ni wachache. Mkulima hununua jogoo na majike mawili, nao huenda wametoka kiota kimoja. Mwaka wa kwanza hufurahi. Mwaka wa pili jogoo hupanda binti zake. Mwaka wa tatu mayai mengi ni viza, vifaranga wanaotoka ni dhaifu, na mkulima hulaumu chakula au jicho la jirani. Fedha ya ada ya shule imekwisha kwa kununua kuku wasiozaa. Kosa si chakula wala jicho, ni damu moja kurudiwa mno.

Kwa hiyo naona mtu asianze peke yake. Zipatikane nyumba tatu zilizo karibu, zikubaliane juu ya aina moja, na kila nyumba inunue jogoo mmoja na majike mawili au matatu, kila moja kwa mwuzaji wake. Vifaranga wakikua, majike bora hubaki nyumbani, nao majogoo vijana huhama. Nyumba ya kwanza hupeleka jogoo kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, na ya tatu kwa ya kwanza. Kila mwaka mfanye vivyo hivyo bila kugeuza mwendo. Baada ya miaka kadhaa itafaa mtafute jogoo mgeni, lakini mtakuwa mmepata muda mrefu wa amani. Mvike kuku pete za miguuni, rangi moja kwa kila nyumba, na mwandike katika daftari nani amezaliwa na nani. Chama cha 4K shuleni chaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko tajiri mwenye aina kumi za kuku, kila aina katika kizimba chake.

Aina gani? Kwa anayeanza, Pekin ni mpole na watoto humshika bila shida. Ila manyoya ya miguuni huchafuka upesi, na kama kwenu kuna tope jingi afadhali mchague bantamu wa miguu mitupu, kama Wyandotte mdogo. Aina ya Kijapani iitwayo Chabo msianze nayo. Miguu yake ni mifupi hata tumbo lakaribia ardhi, na ukimpandisha jogoo wa miguu mifupi kwa jike la miguu mifupi, kifaranga mmoja katika kila wanne hufa ndani ya yai. Anayeanza hawezi kuelewa jambo hilo, naye hukata tamaa.

Katika vifaranga 20 labda watatu ndio wafaao kuzalisha. Wengine waliwe au wauzwe kama kuku wa kawaida, na mnunuzi aambiwe hivyo. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana kila kifaranga ni mzuri machoni pa aliyemlea.

Ugonjwa wa kuogopwa ni kideri, uitwao pia Newcastle. Maonyesho huwakusanya kuku kutoka pande zote, na kuku mmoja akirudi na ugonjwa aweza kumaliza kuku wa kijiji kizima, hata wale wa mjane asiyejua bantamu ni nini. Chanjo ipo, na KEVEVAPI huitengeneza humu nchini. Chupa moja hutosha kuku 100 au zaidi, nayo ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwa nyumba tatu: mchange fedha, mwite na majirani walete kuku wao wa kienyeji, mchanje wote siku moja, na mrudie kila miezi 3. Kuku wa maonyesho achanjwe angalau majuma matatu kabla ya safari. Akirudi, akae mbali na wenzake majuma matatu mengine. Kuku aliyenunuliwa, au jogoo aliyehama, naye atendewe hivyo hivyo. Kabla ya kumsafirisha kuku ye yote, mwulizeni Afisa wa Mifugo kuhusu cheti.

Maonyesho ya Nairobi, katika uwanja wa Jamhuri, kwa kawaida huwa mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Bantamu hutaka miezi 6 au 7 apate manyoya yake yote. Basi waanguliwe Januari au Februari, ili mvua za masika ziwakute wamekwisha kupata nguvu. Majuma mawili kabla ya siku yenyewe, mweke kuku katika kizimba kidogo kila siku, umguse taratibu kwa kijiti, umzoeze kushikwa, maana kuku anayejificha pembeni hawezi kuonekana umbo lake. Umwoshe siku tatu kabla kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, usugue miguu kwa mswaki wa zamani, kisha umkaushe vizuri asipatwe na baridi. Paka mafuta kidogo katika kilemba na miguu. Ukikosa zawadi, mfuate mwamuzi kwa adabu umwulize amekatwa alama wapi, na uandike katika daftari.

Kabla ya hayo yote, someni orodha ya mashindano. Kama hamna daraja la bantamu, liombeni. Mtu mmoja mwenye jogoo mmoja atasikilizwa kwa heshima na kusahauliwa, lakini nyumba tatu zenye kuku tisa wa aina moja na daftari mkononi zina neno la kusema. Mwende ofisini mwezi wa Januari, msingoje juma la maonyesho.