Daladala kuukuu: Gia za mkono bado zinalipa

Wanunuzi wa Toyota Coaster kuukuu za dizeli, injini 1HZ ya lita 4.2, huvutiwa na gia za otomatiki. Katika foleni za Dar es Salaam dereva hachoki, wala hakuna klachi ya kuungua. Hata hivyo, otomatiki za zamani hula mafuta zaidi, na zikiharibika basi hulala gereji hadi apatikane fundi anayezijua. Siku hizo hakuna hesabu, lakini mkopo hausubiri. Klachi hubadilishwa na fundi wa kawaida. Hivyo otomatiki imfae mwenye mabasi mengi na karakana yake. Mwenye basi moja anunue la gia za mkono, na aanze mapema kuweka akiba ya klachi.