NAMBA TISA WETU NI WA BEI GANI?

Kuna jambo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki tangu michezo ya muhula wa kwanza ilipoisha. Mhariri wa jarida letu ameniambia niliandike au niache kumsumbua wakati wa prepu. Basi naliandika.

Tunaye mchezaji wa mpira wa magongo hapa shuleni ambaye kila mtu anamjua kwa fulana yake, namba tisa. Jina sitalitaja, maana aliniruhusu niandike habari hii mradi lisitokee. Akiingia na mpira ndani ya nusu duara, kipa wa upande wa pili huanza kumwomba Mungu. Sasa shule moja kubwa ya bweni, nayo pia sitaitaja, imemtuma mtu kuja kumtaka. Wanasema watamlipia karo, watampa kitanda, sare, na viatu vya kuchezea. Yaani aondoke hapa Ngoingwa, aache kutembea kwa vumbi kila asubuhi, akalale huko kwenye bweni lenye maji ya bomba.

Habari ilipovuja, wee! Ijumaa baada ya kengele ya mwisho hakuna aliyeenda steji. Tulijazana ukutani nyuma ya maabara, mashabiki wote wa magongo pamoja na wengine ambao hawajawahi kuona hata mechi moja, na mjadala ukaanza: Je, tukimtoa Namba Tisa, watupe nini?

Ndugu mmoja wa kidato cha nne alisimama juu ya tofali kama mbunge. Akasema bei ni magongo 20 na mavazi mawili kamili ya kipa, bila hayo haendi mtu. Akapigiwa makofi. Ni kweli hali yetu mwaijua. Timu ni watu 11 na sisi tuna magongo 11: saba mazima na manne yaliyofungwa kwa utepe wa fundi wa umeme. Mchezaji wa akiba akiingia, sharti amngoje anayetoka ampokeze gongo mkononi. Pedi za kipa zimeshonwa kwa sponji ya godoro kuukuu, nami nazijua vizuri kwa sababu mimi ndiye kipa. (Wanaonicheka nikitembea kama bata, sasa mmejua sababu.)

Mwingine akapinga. Akasema vitu huharibika, afadhali tubadilishane mtu kwa mtu: watupe beki wao wawili na yule mpigaji wa kona fupi, wachukue Namba Tisa. Huyu hufuata sana mambo ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, akatutolea mfano wa Wayne Gretzky. Mnamo Agosti 9, 1988 timu ya Edmonton ilimpeleka Gretzky Los Angeles pamoja na wenzake wawili, nayo ikapewa wachezaji wawili, dola milioni 15, na nafasi za kuchagua chipukizi katika miaka mitatu tofauti. Gretzky alikuwa amewaletea kombe mara nne. Siku ya kutangaza uhamisho huo alilia mbele ya waandishi wa habari.

"Kwani yeye ni mbuzi?" msichana mmoja wa kidato cha pili akauliza kutoka nyuma. Watu wakacheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Tukarudi kwenye bei. Kijana wa darasa letu akadai kwamba magongo ya nyasi hayana pesa popote duniani, kwa hivyo tusijisumbue. Hapo alikosea. Oktoba 2024 kulikuwa na mnada wa wachezaji nchini India kwa ajili ya ligi yao, na nahodha wa timu ya taifa, Harmanpreet Singh, akanunuliwa na klabu ya Soorma kwa rupia milioni 7.8. Hizo ni karibu shilingi milioni 12 za Kenya. Mnada kabisa, na nyundo mezani! Hapa kwetu magongo hayajawahi kuwa na bei ya namna hiyo, ingawa si kwamba hatukuwa na watu. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza kule Barcelona, Kenya ilikuwa ya nne duniani. Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne kwa ajili ya nchi hii, kuanzia 1960 hadi 1972, na ninavyojua mimi hakuna aliyempigia nyundo.

Aliyenigusa zaidi ni yule mwenzetu wa Makongeni, shabiki wa kandanda. Alisema: "Nyinyi mnasahau Olunga alipita wapi." Naam, Michael Olunga, yule aliyefunga mabao manane katika mechi moja kule Japani mwaka 2019, alicheza hapa Thika, katika timu ya Thika United, mwaka 2014. Mwaka uliofuata akawa Gor Mahia, kisha Uswidi, kisha China, Uhispania, Japani, Qatar. Mwenzetu akaeleza kwamba katika kandanda kuna sheria ya FIFA: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba kwisha, asilimia 5 ya pesa hizo hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu iliyokuwa naye mwaka mmojammoja kati ya miaka 16 na 23 hupata nusu ya asilimia kwa kila mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Mchezaji akiuzwa shilingi milioni 100, mwaka mmoja wa malezi ni shilingi 500,000.

"Kwa hivyo sisi tumemlea Namba Tisa miaka miwili na zaidi," akasema, "na tudai haki yetu."

Hoja hiyo ina nguvu, na mimi siipuuzi. Anayemwagilia mche maji ana haki ya kuuliza tunda liko wapi. Mwalimu wetu wa michezo amenunua mipira kwa mshahara wake, na nani atamrudishia? Lakini sheria ya FIFA inahusu mchezaji aliyetia sahihi mkataba na anayelipwa. Pesa ile hukatwa kwenye bei ya uhamisho, haikatwi kwenye sahani ya mchezaji. Hapa kwetu ni nani anayelipwa? Namba Tisa ana miaka 16 kama mimi. Hakuna mshahara. Kitu pekee kilicho mezani ni karo yake, na tukianza kung'ang'ania magongo 20, yule mgeni atasema, haya, basi tupunguze upande wa mtoto. Tutakuwa tumekula karo ya mwenzetu kwa jina la kumpenda.

Na tuseme ukweli, sisi mashabiki tunapenda kwa mdomo. Tulipopitisha kofia ya nauli ya kwenda kucheza mjini, darasa zima la watu 52 lilitoa shilingi 640. Wengi waliopiga kelele za bei siku ile ukutani walitoa bob tano. Wengine walitoa ahadi.

Wapo pia wanaosema asiende kabisa, ati ni msaliti. Hao siwaelewi. Namba Tisa ametumwa nyumbani mara mbili mwaka huu kwa sababu ya pesa za chamcha, na mara zote mbili nilimpigia hesabu za saa nne kwenye daftari lake ili asiachwe nyuma. Hakuna shabiki aliyekuja kumwambia, "Usiende nyumbani, sisi tutalipa githeri yako." Ukimwambia leo abaki kwa ajili ya heshima ya shule, ataila hiyo heshima?

Hata hivyo, mimi sisemi aende tu kwa shangwe. Hapa ndipo nilipokuwa nikitaka kufika tangu mwanzo, msomaji, ila nimezunguka.

Kaka yangu mkubwa alichukuliwa hivyohivyo. Alikuwa kidato cha pili, mchezaji wa magongo, mguu wa kushoto mwepesi kama wa swala. Shule iliyomchukua iliahidi kila kitu kwa mdomo, pale nyumbani, juu ya kikombe cha chai, na baba akafurahi hata akachinja kuku. Mwaka uliofuata goti lake liligeuka uwanjani katika muhula wa kwanza. Muhula wa pili akaambiwa aende nyumbani akalete karo. Baba alipanda matatu hadi huko akauliza, "Si mlisema ni bure?" Wakamuuliza palipoandikwa ni wapi. Kaka alirudi huku, akangoja muhula mzima ndipo akapata nafasi ya kuketi darasani. Alifanya mtihani wake wa kidato cha nne, lakini hakuupita vile alivyotazamiwa. Siku hizi anaosha magari karibu na Section 9, na akichuchumaa kusugua magurudumu nayaona meno yake yakiumana.

Nilimuuliza juzi: "Kaka, wewe ulikuwa wa bei gani?"

Akafikiri kidogo. Akasema, "Walininunulia viatu. Nilipotoka wakavichukua."

Ndiyo maana nasema swali letu la Ijumaa lilikuwa limesimama kichwa chini. Tulikuwa tukiuliza Namba Tisa akiwa mzima ni wa bei gani. Hilo kila mtu analijua, hata yule mgeni, ndiyo sababu alikuja na gari. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: akivunjika mguu siku ya kwanza, je, atabaki kuwa mwanafunzi wao? Kama jibu ni ndiyo, liandikwe. Karo mpaka siku ya mwisho ya kidato cha nne, acheze asicheze. Akiumia, nani atapeleka hospitali na kwa pesa za nani. Na mkuu wa shule atie sahihi, siyo mwalimu wa michezo peke yake, kwa sababu walimu huhamishwa.

Karatasi hiyo ikishatiwa sahihi, hapo ndipo tunaweza kukohoa kidogo kuhusu magongo. Si kwa bei, ila kwa ujirani. Waje wacheze nasi hapa kila mwaka, na watakaporudi wasahau begi moja. Mambo ya kanuni za uhamisho wa wachezaji nawaachia walimu, maana hayo yana wenyewe.

Najua nitakaloulizwa: na timu je? Edmonton walinyakua kombe tena mwaka 1990 bila Gretzky, naye hakulipata tena hadi alipostaafu. Mfano huo mzuri, lakini sisi si Edmonton. Bila Namba Tisa tutafungwa. Sijidanganyi, kwa sababu mipira yote hiyo itakuja kwangu, kwenye sponji ya godoro. Mwaka jana alipougua malaria tulifungwa sita, na mmoja ulinipata kidevuni. Kovu lipo, asiyeamini aje alione. Kwa hivyo nikisema aende, sisemi kama mtu aliyeketi kivulini.

Jumamosi hii mgeni yule anarudi, na safari hii atakwenda nyumbani kwa kina Namba Tisa. Mama yake huuza sukumawiki pale steji, na jana jioni nilipokuwa nikipita aliniita. Alinipa ndizi, akaniambia, "Kijana wangu, wewe unajua kuandika. Niandikie nitakayomuuliza huyo mtu, nisije nikasahau nikiona gari."

Nimemwandikia maswali manne kwa herufi kubwa, katika karatasi niliyochana katikati ya daftari la Kiswahili, Mwalimu anisamehe. La kwanza ni la goti.